Betri ya Kuunganishwa Nyumbani: Taa Iwake, Mtoto Asiumie

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala juu ya uji wa mtoto. Tutazungumza juu ya kile kitu kilichofungwa kwa tepu nyeusi, kilicho chini ya kitanda au juu ya kabati, kinachowasha taa na kuchaji simu. Ninasema juu ya betri za kuchajiwa ambazo vijana wetu na mafundi wa jua kali huziunganisha kwa mikono yao.

Huenda ukauliza, "Sista, betri na afya zinahusiana wapi?" Nitakueleza.

Usiku mmoja, nikifanya kazi katika zahanati ya mashambani, stima ilipotea mama akiwa karibu kujifungua. Taa yetu ya sola ilikuwa imekwisha nguvu. Kijana wa jirani akaleta betri aliyoiunganisha mwenyewe kwa seli za laptopu iliyokufa, pamoja na balbu ndogo. Kwa taa ile nilimpokea mtoto wa kike, nikakata kitovu, na nikaona vizuri kwamba mama havuji damu kupita kiasi. Nilimshukuru kijana yule kwa moyo wote.

Miezi michache baadaye, mama ya kijana huyo huyo aliingia zahanatini mbio akimbeba kitinda mimba wake. Mkono wa mtoto ulikuwa umeungua, tena umepakwa dawa ya meno. Betri nyingine ya kijana ilikuwa imewekwa kwenye chaja usiku, juu ya godoro, ikashika moto. Mtoto alipona, lakini vidole viwili havinyooki hadi leo.

Basi mama, mimi siwezi kukuambia kwamba betri hizi ni mbaya, kwa maana nimezalisha kwa mwanga wake. Wala siwezi kukuambia kwamba ni salama, kwa maana nimefunga kidonda chake. Ninachoweza ni kukueleza zinavyofanya kazi, ili ujue la kumwuliza fundi na la kufanya mambo yakiharibika.

BETRI HII NI KITU GANI?

Ukifungua betri ya laptopu kuukuu, ndani utakuta vijiti vya duara vinavyofanana na mawe ya tochi, lakini ni vinene kidogo. Kila kimoja kinaitwa seli. Seli ya kawaida ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ni seli ya lithiamu. Nguvu yake ya kawaida ni volti 3.7. Ikijaa kabisa hufika volti 4.2, na haifai kushuka chini ya volti 3 hivi.

Mara nyingi laptopu hufa betri kwa sababu ya seli moja au mbili tu, na zile nyingine bado zina uhai. Hapo ndipo fundi anapopata mali. Seli moja nzuri ya miliampia-saa 2,000 inaweza kuwasha taa ya wati 1 kwa muda wa saa 7 hivi. Seli iliyochoka itawasha kwa muda mfupi zaidi. Fundi akiunganisha seli kadhaa ubavu kwa ubavu, taa hukaa muda mrefu. Akiziunganisha moja nyuma ya nyingine, volti huongezeka.

Ndani ya seli kuna tabaka nyembamba zilizokunjwa kama mkeka, na kati yake kuna maji ya kemikali yanayoweza kuwaka. Kinachozitenganisha ni utando mwembamba sana wa plastiki. Utando huo ukitoboka au ukiyeyuka kwa joto, umeme wote hukutana mahali pamoja. Seli hupata moto, joto lake huharibu seli ya pili, nayo ya pili huharibu ya tatu. Ndiyo sababu moto wa betri hizi huja ghafla na hauzimiki kwa urahisi.

KWA NINI ILE BETRI ILIWAKA?

Baada ya mtoto kutibiwa, niliketi na yule kijana tukapiga hesabu pamoja. Alikuwa ameunganisha seli tatu, moja nyuma ya nyingine. Seli tatu zikijaa ni volti 12.6, yaani 4.2 mara tatu. Kwa kuwa ilikaribia volti 12, yeye alitumia chaja ya betri ya pikipiki. Chaja ya namna hiyo inaweza kusukuma volti 14.4. Gawanya kwa tatu, utapata volti 4.8 kwa kila seli. Seli ya kuishia 4.2 ililazimishwa kupokea 4.8. Ni kama kumlisha mtoto aliyeshiba. Mwishowe atatapika, na tapishi la seli ni moto.

Sababu nyingine ninazokutana nazo ni hizi:

Kwanza, kuchanganya seli mpya na za zamani, au za aina mbalimbali. Iliyo dhaifu hujaa mapema na kuisha mapema, kisha huumia kila siku.

Pili, kuchomelea waya moja kwa moja juu ya seli kwa pasi ya risasi. Joto la pasi hupenya ndani na kuharibu ule utando usioonekana.

Tatu, waya kuguswa na chuma. Seli iliyotupwa kwenye mkoba pamoja na funguo na sarafu inaweza kuwaka humo humo.

Nne, kutumia seli iliyokufa kabisa. Kuna wanaojaribu kuifufua. Ikikubali chaji leo, kesho inaweza kukusaliti.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Mama, wewe si lazima ujue kuunganisha betri. Lakini una haki ya kuuliza kabla kitu hicho hakijaingia mahali watoto wanapolala. Uliza maswali haya bila aibu:

1. "Je, ulipima seli moja moja?" Fundi mzuri ana mita. Seli anayoikuta chini ya volti 2 haitumii. Zile nyingine huzijaza, huziacha zikae siku kadhaa, kisha hupima tena. Seli inayopoteza nguvu ikiwa imekaa tu, huitupa upande wa taka. Na inayopata joto ikichajiwa, vilevile.

2. "Je, seli zote ni za aina moja na nguvu moja?" Kabla ya kuziunganisha ubavu kwa ubavu, volti zake zinapaswa kulingana. La sivyo, iliyojaa itamimina umeme kwa nguvu ndani ya iliyo tupu.

3. "Je, umeweka bodi ya kulinda?" Hiki ni kibao kidogo cha elektroniki. Kazi yake ni kukata umeme seli zikijaa, kukata zikikaribia kuisha, na kukata waya zikigusana. Betri ya lithiamu isiyo na bodi hii usiikubali, hata ukipewa bure. Pia uliza kama kuna fyuzi.

4. "Je, umeunganisha kwa njia gani?" Njia nzuri ni vibati vya nikeli vinavyobandikwa kwa mashine, au kishikio cha plastiki ambacho seli huingizwa tu bila kuchomewa.

5. "Chaja yake ni ipi?" Akuonyeshe. Volti za chaja zilingane na idadi na aina ya seli. Kuna seli za lithiamu za aina nyingine, za volti 3.2, na nne kati ya hizo hujaa kwenye volti 14.6. Hizo ni tofauti na za laptopu, wala chaja zake hazibadilishani. Mwombe fundi aandike kwa kalamu juu ya betri: chaja ya volti ngapi.

6. "Imefunikwa na nini?" Tepu peke yake haitoshi. Betri iwe ndani ya sanduku gumu, waya zisicheze, na mtoto asiweze kuifungua.

Fundi anayejua kazi hatakasirika ukimwuliza. Anayekasirika, mwache na betri yake.

NAMNA YA KUITUNZA NYUMBANI

Ichaji mchana, ukiwa macho na ukiwa karibu. Iweke juu ya sakafu ya saruji, kigae au jiwe, mbali na godoro, pazia, nguo, mafuta ya taa na mtungi wa gesi. Usiichaji kwenye njia ya kutokea mlangoni, kwa maana moto ukianza hapo mtafungiwa ndani. Usiiache juani wala karibu na jiko. Ikijaa, ichomoe.

Sasa juu ya kutengeneza. Kuna vitu vinavyotengenezeka: waya iliyokatika, swichi, tundu la chaja, balbu. Na kuna kitu kisichotengenezeka, nacho ni seli yenyewe iliyoharibika. Ukiona betri imevimba, inatoa maji, inapata joto bila kazi, inapiga kelele ya kufuka, au inatoa harufu tamu kama ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kazi yake imekwisha. Usiitoboe ili "itoe hewa." Ikiwa haina joto wala haitoi moshi, itoe nje polepole, uiweke mahali wazi pasipo kitu cha kuwaka. Ikiwa imeanza kutoa moshi, usiishike. Toa watu.

BETRI YA GARI NAYO?

Nyumba nyingi bado hutumia betri kubwa ya gari au ya sola. Hii si ya lithiamu. Ndani yake kuna madini ya risasi na asidi kali, na hatari zake ni tatu.

Ya kwanza ni asidi. Mafundi wengine huuza maji ya betri katika chupa za soda. Mama, asidi haina rangi, na mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko. Asidi isiingie kabisa ndani ya chupa ya kinywaji. Betri ikipungukiwa huongezwa maji safi yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, wala si asidi.

Ya pili ni hewa. Betri hii ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto. Ichaji mahali penye dirisha wazi, mbali na jiko, koroboi na sigara.

Ya tatu ni risasi, nayo ni adui wa kimya. Risasi haina harufu, na mara nyingi mtoto haonyeshi dalili mapema. Huingia kwa vumbi na kwa moshi, hasa mtu anapovunja betri na kuyeyusha vibao vyake, pengine kwa sufuria, ili kupata vizito vya nyavu. Mtoto mdogo hutambaa, hutia vidole mdomoni, na mwili wake hunyonya risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua: mtoto huchelewa kujifunza, hawi mtulivu, hukosa damu, huumwa tumbo na kukosa choo. Ikizidi sana, huleta degedege. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2021 kwamba damu ikikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Hapa kwetu Kenya tumeyaona kwa macho. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu katikati ya makazi ya watu. Mama mmoja aliyefanya kazi huko, Phyllis Omido, alipata habari kwamba mwanawe ana risasi katika damu, akaanza kupiga kelele kwa ajili ya jirani zake. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini mama, fidia hairudishi akili ya mtoto. Usiruhusu uani kwako kuwe kiwanda kidogo cha namna hiyo.

Ikiwa mume au kijana wako anafanya kazi ya betri, abadilishe nguo na viatu kabla ya kuingia ndani, anawe mikono na uso kabla ya kula au kumbeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie vumbi kavu. Mpe mtoto chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama vile mboga za kijani, maharagwe, omena na maziwa, kwani mwili usio na upungufu wa madini hayo hunyonya risasi kidogo zaidi. Ukiwa na wasiwasi, zungumza na muuguzi kliniki. Usimwachishe mtoto kunyonya kwa hofu tu.

HUDUMA YA KWANZA

Moto wa betri: Watoto kwanza, wazee pili, mali baadaye. Toka nje, kwa maana moshi wa lithiamu ni sumu. Ikiwa chaja imeunganishwa na stima ya ukutani, zimisha swichi kuu kabla ya kutumia maji. Ikiwa moto ni mdogo na unaweza kuufikia bila kupita katika moshi, mwaga maji mengi ukiwa mbali. Maji hupoza seli zisiambukizane joto. Ukishazimika, betri ikae nje hadi kesho yake, kwani inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Piga simu 999 au 112 kuomba msaada.

Kuungua: Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete, bangili na nguo isiyoshikamana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Ule mkono niliowaambia ulikuwa na dawa ya meno iliyokauka, na kuiondoa kulimuumiza mtoto mara ya pili. Usitumbue malengelenge. Nenda zahanati.

Asidi machoni au mwilini: Osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 20 au zaidi, ukiwa umefungua kope kwa vidole. Jicho lililoumia liwe chini, ili maji yasiingie jicho zima. Usipake maziwa wala dawa nyingine. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Asidi ikimezwa: Usimtapishe, kwani asidi itachoma koo mara mbili. Msukutue mdomo kwa maji, kisha mbio hospitalini.

Betri ya kifungo ikimezwa: Hii ni ile bapa kama sarafu, inayopatikana katika rimoti, mizani na vitu vya kuchezea. Fundi huziacha mezani na mtoto huziona kama peremende. Ikikwama kooni inaweza kuchoma nyama kwa saa 2 tu. Usimtapishe wala usingoje itoke kwa choo. Nenda hospitali yenye picha ya eksirei upesi. Ikiwa mtoto amepita mwaka 1, anameza vizuri, na betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, unaweza kumpa vijiko 2 vidogo vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali hupunguza tu uharibifu, haitibu. Usichelewe ukitafuta asali. Mtoto chini ya mwaka 1 usimpe asali.

BETRI ILIYOKUFA IPELEKWE WAPI?

Usiitupe chooni, shimoni wala motoni. Seli za lithiamu, ziba ncha zake zote mbili kwa tepu, uziweke katika mkebe wenye mchanga mkavu, mbali na watoto, kisha uzipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki, au uulize afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Betri ya gari irudishe dukani ikiwa nzima, bila kumwaga asidi.

Mama, yule kijana bado anaunganisha betri. Mama yake alitaka kuvichoma vyombo vyake vyote, nikamsihi asifanye hivyo. Siku hizi kibanda chake kiko nje ya nyumba, ana mita, na kila betri anayouza ina bodi na maandishi ya chaja yake. Mama yake ndiye mkaguzi. Betri isiyo na bodi haivuki kizingiti chake. Wewe pia unaweza kuwa mkaguzi wa nyumba yako. Anza jioni hii: inama, angalia chini ya kitanda kuna nini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Betri isiyo na bodi ya kulinda isiingie nyumbani.
• Kila betri na chaja yake.
• Chaji mchana, juu ya sakafu, mbali na kitanda na mlango.
• Iliyovimba haitengenezwi.
• Asidi isiwekwe kwenye chupa ya soda.
• Aliyeungua: maji dakika 20, bila dawa ya meno.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, betri huchajiwa wapi usiku? Tunaweza kuhamishia wapi?
2. Ni nani kijijini anayevunja au kuyeyusha betri, na watoto hucheza umbali gani kutoka hapo?
3. Mtoto akimeza betri leo, tutatumia usafiri gani, na hospitali ya karibu yenye eksirei ni ipi?